Kabla hujajibanza nyuma ya kisiwa

Upepo ukichachamaa ukiwa Ziwa Victoria, kati ya Mwanza na Ukerewe, usikimbilie kisiwa chochote kilicho karibu bila kuangalia upande. Kisiwa kiwe kati yako na upepo. Nanga ikiachia upande huo, mtumbwi unasukumwa kwenye maji wazi na unapata muda wa kuwasha injini. Upande unaopigwa, nanga ikiachia ni mawe moja kwa moja, na mawe ya Mwanza tunayajua.

Kisiwa kidogo kinadanganya: mawimbi yanakizunguka kwa ncha zote mbili na kukutana nyuma yake, palepale ulipodhani pametulia. Ghuba iliyoingia ndani ni bora. Usibanane na jabali refu pia, kwa sababu upepo ukilivuka hushuka kwa vishindo upande wa pili.

Kinga yenyewe haidumu. Mchana upepo kwa kawaida hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Na radi za usiku wa manane hadi alfajiri, ambazo ziwa hili linazo nyingi, huja na upepo wake wa baridi unaotangulia mvua. Huo hutoka kwenye wingu, haujali ule uliokuwa ukivuma. Kwa hiyo jipange kwa kuangalia wingu liko wapi.

Kamba ya nanga usiibanie (wengi wanaibania, sijui kwa nini): kina kikiwa mita 5, toa angalau mita 25. Utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) usikilize kabla ya kung'oa nanga.