Jinsi ya kuandika stori ya mchawi mdogo wa Mombasa, hatua kwa hatua

Mimi naandikia watoto hadithi na huwa nawasomea wa mtaani kwetu Kisauni, na hii ya mtoto anayegundua ana uchawi wa kivyake ndio naulizwa sana inaandikwaje, basi leo naieleza yote.

Hatua ya kwanza: anza na uchawi, mhusika atakuja mwenyewe. Achana na ufagio na kofia ndefu, hivyo ni vya stori za watu wengine, we tafuta kitu mtoto wa hapa anakiona kila siku. Mimi nilichukua bahari. Msichana wangu anaitwa Rukia, ana miaka 9, nyanyake na mamake ni wa upepo, wakiuita kusi unakuja, lakini yeye akipuliza hata mshumaa hauzimiki. Chake ni kingine kabisa: maji yakipwa, akikanyaga mchanga mbichi anasikia vitu vilivyopotea baharini vikiita kwa sauti za waliovipoteza.

Hatua ya pili ndio kubwa, hapa usiwe na haraka. Uchawi uwekee mpaka, manake mtoto msikilizaji ni mjanja, atakuuliza mbona asitumie uchawi tu yakaisha? Wa Rukia mpaka wake ni maji. Yakijaa yeye ni mtoto kama wengine. Sasa hebu ona bahari inavyokupa stori bure: kwa siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50 hivi, kwa hivyo Rukia hawezi kusema kesho saa ile ile nitarudi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, maji yanatoka mbali sana na nguvu zake zinakuwa kubwa, katikati hapo ni maji mafu na anasikia kwa mbali tu. Na bamvua kwetu maji hupwa hasa mida ya saa nne saa tano asubuhi, yaani wakati yuko darasani! Hapo plot ishajileta. Chukua kalenda, weka alama za mwezi, panga chapta zako juu yake.

Hatua ya tatu, siku ya kugundua. Iandike polepole na kwa mwili, sio kwa maelezo. Usiseme "aligundua ana nguvu". Mimi niliandika hivi:

"Rukia alikuwa anafukuza kaa pale ufuo wa Jomo Kenyatta, ndara mkononi. Nyayo zikaanza kumwasha. Akasimama. Chini ya mchanga mtu akakohoa, kikohozi cha babu yake, na babu yuko nyumbani amelala. Akachimba kwa vidole mpaka akagusa chuma: funguo za babu, zilizoanguka baharini kutoka kwenye ngalawa kabla yeye hajazaliwa."

Kikohozi kimoja na funguo, basi. Mtoto ashaelewa.

Hatua ya nne naomba uisome vizuri. Huku Pwani uchawi sio mchezo. Kilifi na Kwale kuna wazee wameuawa kwa kusingiziwa tu, wengine mvi ndio zimewaponza, na sheria ya uchawi ipo Kenya tangu 1925 na bado haijawakinga. Kwa hivyo adui wa stori yako asiwe bibi kizee mwenye macho mekundu, tafadhali, mtoto akitoka hapo atamwangalia jirani yake vibaya. Macho mekundu ni moshi wa jikoni. Kwangu mimi mzee ndiye anayemwelewa Rukia wa kwanza, na adui ni dalali anayetaka amtafutie dhahabu iliyozama akauze. Tena uchawi wake usidhuru mtu hata mara moja, hata akiwa na hasira.

Ya tano, soma kwa sauti. Kusanya watoto barazani jioni, anza na paukwa, wakijibu pakawa endelea, kalamu iwe mkononi. Wakianza kusukumana weka alama hapo, hiyo sehemu ni ndefu, kata. Wakikuuliza swali usijibu, liandike, manake jibu lake linatakiwa liwe ndani ya stori. Wa kwetu waliuliza kama Rukia anaweza kumsikia mtu aliyezama, na hiyo imekuwa chapta nzima, ndio naiandika saa hii.