Umepata chuo Ujerumani? Tafuta anwani kwanza, koti baadaye

Watu wengi barua ya chuo ikishatoka wanakimbilia soko la Karume kujaza begi makoti mazito, na sikatai baridi ipo, ila koti utalipata kule kule tena la mtumba kwa bei poa. Kinachowatoa watu jasho miezi ya mwanzo ni anwani, yaani chumba ambacho mwenye nyumba yuko tayari kukuandikia karatasi kwamba unaishi pale.

Iko hivi. Ili upewe viza wengi wetu tunaweka hela kwenye Sperrkonto, akaunti iliyofungwa, euro 11,904 za mwaka mzima, afu unaachiwa 992 kila mwezi. Nyumbani wakisikia hizo namba wanajua ushatoboa. Sasa ukitua airport hiyo hela huigusi, maana wanataka kwanza akaunti ya benki ya kawaida, na benki nyingi zinataka uthibitisho kwamba umejiandikisha mtaani unapokaa (Anmeldung), na Anmeldung haifanyiki bila karatasi ya mwenye nyumba inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung, usihangaike kulitamka, waonyeshe limeandikwa kwenye simu watakuelewa. Kwahiyo hakuna chumba, hakuna hela. Beba ya kuishi mwezi mmoja na nusu pembeni, na uwaze na dipoziti kabisa, sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai mpaka kodi ya miezi 3.

Chumba unakitafutaje sasa. Barua ikiingia asubuhi, jioni uwe ushaomba hosteli. Hosteli nyingi zipo chini ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, sio chini ya chuo chenyewe, so kupata chuo hakumaanishi umepata kitanda, na miji kama München foleni yake ni ndefu mno. Wakati unasubiri tafuta Zwischenmiete, mtu anasafiri miezi kadhaa anakuachia chumba chake, ila swali la kwanza kabla hata ya bei: Anmeldung inawezekana? Akijiumauma achana nae, hata chumba kiwe na balkoni. Na ukikutana na mwenye nyumba anayesema yeye yuko nje ya nchi, tuma dipoziti funguo zitakuja kwa posta, huyo ni tapeli aisee, hana tofauti na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Ukihamia una wiki 2 tu za kujiandikisha. Apointimenti zinaisha haraka, weka online hata kabla hujapanda ndege kama tarehe ya kuhamia unaijua. Viza uliyoingia nayo ni ya miezi michache, kibali cha ukaazi omba mapema kabla haijaisha, ukiwahi kuomba wanaweza kukupa karatasi ya muda ya kukaa kihalali (Fiktionsbescheinigung) huku faili lako linasubiri. Karatasi zote wekea faili gumu moja, kule karatasi bado ina heshima zake. Afu baada ya kujiandikisha itakuja barua ya ada ya redio na tivii, euro 18.36 kwa mwezi hata kama tivii huna, usiitupe ukidhani ni matangazo. Inalipwa kwa nyumba, sio kwa kichwa, so mkiwa wanne mnagawana.

Darasani nitasema mawili tu. Ratiba ikiandika 10 c.t. kipindi kinaanza saa nne na robo, ikiandika s.t. ni saa nne kamili. La pili ndo zito: kusoma somo na kujiandikisha kwa mtihani wake ni vitu viwili tofauti, na deadline ikipita hufanyi huo mtihani hata kama ulikua unakaa siti ya mbele kila siku. Vyuo vingi ukifeli mtihani wa lazima mara 3 safari yako kwenye hiyo kozi imeisha. Maksi zao zimegeuzwa, 1.0 ndo juu na 5.0 umefeli, so waelezee wazazi mapema kabla hujatuma matokeo.

Kazi unaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, na kazi za usaidizi pale chuoni kwa kawaida hazihesabiwi humo, so anza kubisha hodi kwa maprofesa wako kabla hujaenda kubeba mizigo ghala usiku.

Jumapili karibu maduka yote yanafungwa, nunua Jumamosi. Sembe nyeupe ipo kwenye maduka ya Waafrika, ile polenta ya supamaketi itakupa kitu cha njano ambacho mi ugali siwezi kukiita. Desemba jua linazama kama saa kumi jioni na hapo ndo upweke unabana kweli, so usisubiri kuzidiwa, tafuta Watanzania au Wakenya wa mji wako tangu Oktoba mpike pamoja. Nyumbani wako mbele masaa 2 majira ya baridi, ukitoka maktaba saa tatu usiku mama anaelekea kulala, mpigie mchana ukiwa kwenye foleni ya kantini. Na ile ya "tutumie kidogo si unalipwa euro", wape jibu mapema: 992 ukitoa kodi ya chumba, bima na nauli, inayobaki ni ya kula.