Kujenga jina mtandaoni ukiwa mhasibu chipukizi Lubumbashi

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipiga picha ya meza yangu: kikombe cha chai, kikokotoo, kompyuta ikiwa wazi. Nikaandika "kazi inaendelea", nikaiweka LinkedIn. Haikupita nusu saa, mwenzangu akanipigia simu: "Toa ile picha sasa hivi. Salio la benki la mteja linasomeka." Niliifuta mikono ikitetemeka. Waliokwisha kuiona ni akina nani, sijui mpaka leo.

Basi hapa hatutaanzia kwenye picha.

Hatua ya 1: Jina liwe moja. Sisi Wakongo tuna jina, postnomu (jina la pili) na prenomu (lile la ubatizo), na kila mahali tunayapanga tunavyotaka. Facebook umeanza na prenomu, LinkedIn umeacha postnomu, na barua pepe bado ni lile jina la utani la sekondari. Mtu wa kampuni ya mgodi akikutafuta atakukosa, au atampata mwingine. Majina yetu ya Katanga yanafanana sana. Fuata mpangilio wa diploma yako, kila mahali, herufi kwa herufi.

Hatua ya 2: Jitambulishe kwa kazi unayoifanya. Mstari wa chini ya jina uandike kwa Kifaransa, maana wanaoajiri hapa husoma kwa Kifaransa. Mimi nilianza na huu: *Comptable junior, Lubumbashi. TVA, paie, rapprochement bancaire.* Yaani mhasibu chipukizi; kodi ya ongezeko la thamani (TVA), mishahara, na upatanisho wa benki, kulinganisha vitabu na taarifa ya benki. Umekwisha. Usijiite "expert-comptable". Hicho ni cheo cha walioandikishwa kwenye ONEC, baraza la wataalamu wa uhasibu lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Anayejua atakucheka, na anayejua ndiye unayemtafuta.

Hatua ya 3: Chagua jambo moja dogo. "Fedha" ni bahari. Chagua upatanisho wa benki, au mishahara, au TVA. Mimi nilichagua TVA kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikinilaza ofisini. Kaa nayo miezi mitatu bila kuhamahama.

Hatua ya 4: Andika kosa moja, lirekebishe kwa tarakimu. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo twende polepole.

Kiwango cha kawaida cha TVA Kongo ni asilimia 16, na kodi hiyo ilianza kutozwa Januari 2012. Kila mtu anakijua kiwango, lakini wengi wanakipiga mahali pasipo pake. Chukua mfanyabiashara aliyeuza bidhaa kwa faranga 1,160,000, TVA ikiwa ndani. Anataka kujua ya serikali ni ngapi. Anachukua 1,160,000, anapiga mara asilimia 16, anapata 185,600. Hapo amekosea. Bei ile tayari imebeba kodi, kwa hiyo anatakiwa kugawa kwa 1.16 kwanza. Anapata 1,000,000, na TVA ni 160,000. Faranga 25,600 zilikuwa zinamtoka mfukoni bure, kwenye faktura moja tu.

Kisha waonyeshe wahasibu wenzako maandishi ya jarida kwa mpango wa SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu tunaoutumia pamoja na nchi nyingine za Afrika, ule uliorekebishwa na kuanza kutumika Januari 2018 (namba za mwanzo ni za akaunti):

Debiti 571 Kasha: 1,160,000
Krediti 701 Mauzo ya bidhaa: 1,000,000
Krediti 4431 TVA iliyotozwa kwenye mauzo: 160,000

Chapisho limekwisha. Usimalizie na "nifuateni kwa mafunzo zaidi". Ukikosea tarakimu (nimewahi), rekebisha palepale na useme umerekebisha. Kosa likifutwa kimyakimya, mtu mmoja huwa amekwisha kulipiga picha.

Hatua ya 5: Chuja siri. Tarakimu ziwe za kubuni kabisa. Kubadilisha jina la mteja hakutoshi. Ukiandika "kampuni moja ya usafirishaji ya Kasumbalesa yenye malori mapya", pale mpakani na Zambia, Lubumbashi nzima imekwisha kuwajua, na wao wamekwisha kukujua wewe. Mimi hutengeneza duka la mfano linalouza unga na sabuni, na mifano yote inatoka humo. Kabla ya kutuma, jiulize: mteja wangu akisoma hiki, atajiona? Ukisita, acha.

Hatua ya 6: Peleka walipo watu. LinkedIn ni ya wanaoajiri. Wenye maduka wako WhatsApp. Chapisho lilelile ligeuze Kiswahili cha nyumbani, mistari sita, uliweke kwenye hali yako (status). Video sikushauri mwanzoni: inakula mega za msomaji, na umeme ukikatika katikati ya kurekodi utaanza upya. Siku nazo zina maana. Tamko la TVA la kila mwezi hupelekwa kwa DGI, idara ya kodi, kabla tarehe 15 ya mwezi unaofuata haijapita, kwa hiyo mimi hutuma kati ya tarehe 8 na 12. Tarehe 20 hakuna anayetaka kusikia habari za TVA.

Hatua ya 7: Pokea maswali kwa mipaka. Yatakuja. Mama mmoja mwenye duka soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, alinitumia sauti: "Mwanangu, ile hesabu ya kugawa, mimi nilikuwa nazidisha tangu zamani. Sasa nifanye nini?" Swali la jumla nalijibu bure, hadharani, ili na wengine wafaidike. Akianza kutuma faktura zake, tunahamia ofisini, na bei tunaipanga kabla sijafungua faili. Anayeuliza namna ya kuficha mauzo simjibu kwa maandishi hata neno moja. Naye akiudhika, sawa.

Machapisho yako yahifadhi kwenye faili moja, kila moja na tarehe yake. Siku ya mahojiano niliambiwa nieleze uzoefu wangu; nikatoa karatasi nne, za duka la unga na sabuni. Yule mzee aliyekuwa akinihoji alichukua kalamu, akaanza mwenyewe kukagua hesabu zangu.