Jinsi ya kuwasajili na kuwalipa kihalali wafanyakazi wa zahanati binafsi

Muuguzi mmoja alinijia akiwa na ujauzito wa miezi saba. Alikuwa ametoka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuulizia fao la uzazi, akakuta akaunti yake haina mchango wa mwaka mzima, ingawa hati zake za mshahara zilionyesha makato kila mwezi. Mwenye zahanati alikuwa akiizungusha pesa ile kwenye dawa, akiamini ataifidia mapato yakichangamka. Hayakuchangamka. Basi kama una zahanati au kliniki ndogo Tanzania Bara, hata ya watu watano, kamilisha haya kabla ya kulipa mshahara wa kwanza.

Anza na faili la kila mfanyakazi: namba ya NIDA, TIN (namba ya mlipakodi), vyeti, na leseni iliyo hai, ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa muuguzi, ya Baraza la Madaktari Tanganyika kwa daktari. Mpe mkataba wa maandishi unaotaja kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, kituo, saa za kazi na mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakudai hayo, na mkifikishana CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, bila karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wako. Hakikisha pia mshahara haushuki chini ya kima cha chini cha sekta ya afya.

Kisha jisajili kama mwajiri TRA, NSSF na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini). Andaa cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), leseni ya biashara, TIN ya zahanati na orodha ya wafanyakazi pamoja na mishahara yao. Ukishapata akaunti, kila mwezi unaingiza mishahara kwenye mfumo, unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki au kwa simu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Muuguzi wa shilingi 600,000: NSSF ni asilimia 20, yeye anakatwa 60,000 na wewe unaongeza 60,000. Kodi ya mshahara, yaani PAYE, inapigwa kwenye 540,000 iliyobaki: 270,000 za kwanza hazitozwi, 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, na 20,000 za juu asilimia 20, jumla 24,000. Anapokea 516,000. WCF, asilimia 0.5, ni 3,000 na inatoka mfukoni mwako. Ni kosa kumkata mfanyakazi. Ukifikisha wafanyakazi 10, ulizia TRA kuhusu SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi.

Zamu ya usiku ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kila saa ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kwa muuguzi wetu, gawa 600,000 kwa 4.333 (wastani wa wiki za mwezi) upate mshahara wa wiki, kisha kwa 45 upate wa saa: takriban 3,077. Nyongeza ni kama shilingi 154 kwa saa, yaani 1,540 kwa usiku mzima. Ni kidogo kwako, lakini ni haki yake. Siku ya kazi ya kawaida ni saa 9, wiki saa 45. Kwa hiyo zamu za saa 12 tulizozizoea zinahitaji makubaliano ya maandishi, zisizidi siku 5 kwa wiki. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Mjamzito usimpange usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, wala miwili baada ya kujifungua. Daftari la zamu litunze, maana hilo ndilo ushahidi wako.

PAYE ilipwe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, NSSF na WCF kabla mwezi unaofuata haujaisha. Ushauri wangu: usisubiri. Siku unayolipa mishahara, lipa na NSSF saa ileile, kabla muuza dawa hajapiga simu. Mhudumu akichomwa na sindano, andika tukio siku hiyohiyo na uliripoti WCF mara moja.

Kila baada ya miezi mitatu, waambie wafanyakazi waangalie taarifa za michango yao NSSF. Mwezi ukikosekana, afadhali uujue sasa, wakati risiti bado iko mezani.