Jinsi ya kupima chembe sahani kwa mepakrini

Wadau wa maabara, kuna kipimo hakitajwi sana ila kinasaidia mno ukiletewa mtoto mwenye ualbino, akigongwa kidogo tu damu inavilia, pua inamtoka damu kila mara, afu ukihesabu chembe sahani zake (vile vipande vidogo vya damu vinavyoziba jeraha) ziko kamili. Hapo fikiria Hermansky-Pudlak, ugonjwa wa kurithi ulioelezwa na madaktari wawili wa Prague mwaka 1959, na kaskazini magharibi mwa Puerto Rico unampata karibu mtu 1 kati ya 1,800. Chembe zipo ila vijifuko vyake vizito havipo, vile vinavyobeba kemikali za ADP na serotonini za kuita wenzao waje kuziba jeraha.

Mepakrini inajazana kwenye vijifuko hivyo na kung'aa kijani. Ndo ileile dawa ya malaria waliyokuwa wanapewa wanajeshi Vita vya Pili vya Dunia mpaka ngozi zinakuwa njano, kwa hiyo vaa glavu.

Sasa kazi, na kazi yenyewe iko kwenye damu kuliko kwenye rangi, yaani hiyo mepakrini. Toa kiulaini kwa sindano geji 21, tyubu ya bluu yenye sitreti (ya kuzuia damu isigande), ijae mpaka kwenye alama, uipindue taratibu usiitikise kama juisi ya boksi maana chembe zikishtuka zinamwaga mzigo wote hujaanza hata kupima. Friji usiguse kabisa. Zungusha kwenye sentrifuji kwa spidi ndogo, 150 hadi 200 g (nguvu ya mzunguko, sio gramu) dakika 10, chukua ile plazma ya juu yenye ukungu ukungu, tia mepakrini, weka 37°C nusu saa kwenye giza, kisha peleka kwenye hadubini ya mwanga wa bluu.

Kwa mtu asiye na tatizo kila chembe ina nukta kadhaa, ukizimulika zinatoa mmweko zinazima, so hesabu fasta uhamie eneo lingine. Ya mgonjwa utaona nukta moja moja au hamna kitu. Pembeni lazima uwe na damu ya mtu mzima wa afya, la sivyo utajuaje kama ni ugonjwa au rangi imeharibika? Himofilia usiitafute hapa, ile ni shida ya protini za kugandisha.

Ukikuta giza rudia kwa sampuli mpya, na kama kuna sehemu yenye hadubini ya elektroni tuma huko, vijifuko vizito vinaonekana vyeusi vyenyewe bila kupakwa chochote.