Vibubu vya chuma vinavyocheza: kukijua cha asili na kukitunza

Ukiweka sarafu na kubonyeza wenzo, sanamu husogea: tai huinama kuwalisha makinda, mwindaji humfyatulia dubu. Vibubu hivi vya chuma cha kusubu vilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1869, na vingi vya kupendeza ni vya kampuni ya J. & E. Stevens ya Cromwell, Connecticut. Nakala nazo ni nyingi.

Anza na kipimo. Mnakili hugandamiza kibubu cha asili kwenye mchanga ili apate kalibu, na chuma kikipoa hunywea karibu asilimia 1. Kitako cha sentimita 20 hutoka kikiwa kimepungua milimita 2 hivi, kwa hiyo kilinganishe na mchoro wa kitako cha asili. Aliyechonga kalibu upya anaweza kupatia kipimo, basi usiishie hapo. Pitisha ukucha kwenye maungio: ya asili yamebanana, ya nakala huacha mwanya. Ndani, kutu ya rangi ya chungwa inayopukutika na alama mbichi za tupa ni dalili mbaya. Skrubu za nyota zilikuja miaka ya 1930, kwa hiyo nazo huashiria nakala, ila skrubu moja tu huenda ni ya fundi aliyekarabati.

Rangi ndiyo roho ya kibubu. Inapaswa kuchakaa mkono unapopita: kwenye wenzo, mdomo wa sarafu, kingo za kitako. Ikiwa imelika hata kwenye mikunjo ya nguo za sanamu, kuna mtu aliichakaza makusudi. Usiipake upya, hata kama imebaki nusu. Ukiibandua umeua kazi ya sanaa. Msasa usiuguse kabisa, maana rangi za wakati ule mara nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Safisha kwa brashi laini, kavu. Maji hupenya kwenye nyufa, kutu ikaota chini ya rangi na kuiinua. Mafuta ni tone moja la cherehani kwenye pini, kwa ncha ya sindano.

Wenzo ukigoma usiulazimishe, kwani chuma cha kusubu hakipindi, hukatika. Mara nyingi sarafu imekwama au springi imechomoka. Fungua kwa bisibisi bapa inayojaa mfereji wa skrubu. Kikiwa rafuni, kiache springi yake ikiwa imelegea, mbali na jua na unyevu.