Mbwa wa Ulinzi Anapokunywa Maji na Kukojoa Kupita Kawaida

Mfugaji akiona mbwa wake ameanza kukojoa barazani usiku, ilhali hakuwa na tabia hiyo, mara nyingi humwondolea bakuli la maji jioni. Nawasihi wafugaji waache kabisa kufanya hivyo. Katika magonjwa mengi yenye dalili hii, mbwa hakojoi sana kwa kuwa amekunywa sana, bali hunywa sana kwa kuwa figo zimeshindwa kubakiza maji mwilini, na akinyimwa maji hukaukiwa na kuzidiwa upesi.

Kinachotakiwa ni kupima. Mbwa mwenye afya hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mbwa wa kilo 20 hutosheka na lita moja na kidogo; akifikia lita 2 na kuendelea, anahitaji kuchunguzwa. Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu ni kipimo kizuri. Jaza bakuli kwa chupa hiyo asubuhi, andika kiasi ulichomimina, na kesho yake saa ileile upime yaliyobaki, ukifanya hivyo siku 3 mfululizo na kuhakikisha kuku na mbuzi hawanywi humo. Kumbuka kwamba jua kali, kunyonyesha, dagaa wenye chumvi na dawa za kutuliza uvimbe na mwasho za jamii ya prednisoloni nazo huongeza kiu.

Usisubiri siku hizo 3 ikiwa mgonjwa ni jike ambaye hajafungwa kizazi na alikuwa kwenye joto (kipindi cha kutaka dume) wiki chache zilizopita, hasa kati ya 4 na 8. Huenda kizazi chake kimejaa usaha. Wakati mwingine utaona uchafu wenye harufu mbaya umeganda kwenye manyoya ya mkia, lakini mlango wa kizazi ukiwa umefunga hutaona chochote, na hali hiyo ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu sumu huingia kwenye damu huku mwenye mbwa akidhani ni uchovu tu. Tiba yake kwa kawaida ni upasuaji wa kuondoa kizazi, na kila siku inayopita hupunguza nafasi ya jike huyo kupona.

Mbwa anayekula vizuri huku akikonda hushukiwa kisukari, na sisimizi wakikusanyika alipokojoa, mweleze daktari. Mbwa mzee mwenye mkojo mweupe kama maji, aliyepoteza hamu ya kula, hushukiwa figo.

Ugonjwa mwingine unaoharibu figo za mbwa ni leptospirosisi, uleule ambao watu wa Lindi waliugua mwaka 2022 na ukapewa jina la homa ya mgunda. Vimelea vyake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, kisha huingia mwilini kupitia michubuko, macho au mdomo. Kwa hiyo vaa glovu na buti unapoosha banda, dhibiti panya ghalani, watoto wasichezee hapo, na mbwa achanjwe kila mwaka.

Unapokwenda kwa daktari wa mifugo, kinga mkojo wa kwanza wa asubuhi katika chombo safi na kikavu, uufikishe mapema siku hiyohiyo pamoja na karatasi ya vipimo vyako vya maji.